Stika ya Oili

Verna aliibandua stika kwa ukucha kabla hajavuka daraja la kuingia Larkdale. Ilikuwa ndogo tu, kwenye kona ya kioo cha mbele, ikisema oili ibadilishwe tena lini na wapi. Shida ilikuwa hapo kwenye wapi. Akaikunja na kuitia mfukoni, kikabaki kidoa cha gundi kilichokataa kutoka hata kwa mate.

Larkdale ni kimji cha Manitoba, huko Kanada, ambako ukinunua buti mpya, jirani anakuuliza zinabana wapi. Gereji ni moja, ya Orest. Orest alilitengeneza gari la Verna tangu mumewe angali hai. Msimu ule wa baridi mumewe alipougua, Orest alikuja kila asubuhi kuistua betri ya gari ili wawahi hospitali, na hata kahawa hakuitaka.

Sasa mtu kama huyo unamwachaje? Verna alimwacha kimyakimya. Siku moja gari lilimzimikia kwenye barabara kuu, mwanawe akampigia simu kutoka Winnipeg.

"Mama, yule mzee anatengeneza kwa sikio. Lipeleke kwa wakala wa magari, pale mjini Tarrow. Wana kompyuta."

Akalipeleka mara moja, kujaribu tu. Kisha akalipeleka tena.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba watu wa wakala walikuwa hodari. Gari lilirudi limetulia, halikohoi, halitetemeki. Hata mlango wa nyuma, ambao ulikuwa ukilia kila baridi ikianza, ulinyamaza, na yeye hakuwa amemtajia mtu. Magurudumu yalirudi na vumbi la barabara ya changarawe, akajua wamelitoa wakalijaribu, si kuliosha tu. Laiti wangekuwa wazembe, angerudi kwa Orest kichwa chini na yangeisha.

Kila alipoliacha huko walimpa gari la kuazima, jekundu, lenye ekzosi inayokoroma, aibu tupu kwa watu wanaouza magari. Alilificha nyuma ya uwanja wa hoki na kumalizia njia kwa miguu. Hakuwa na la kufanya. Orest alilijua gari la kila mtu kwa mlio. Ungemkuta gerejini amekupa mgongo, na angekutaja jina kabla hujazima injini.

Zamani lango kubwa la gereji lilikaa wazi hata kwenye theluji, watu wakiingia kupiga soga. Siku hizi lilifungwa kutwa nzima, na nje hapakuwa na gari hata la dawa. Verna alipopita hapo alitazama upande mwingine. Aliamini kwamba yeye ndiye aliyeanza kuhama na wengine wakamfuata, na kwamba mzee akifunga kazi, mkono wake utakuwemo.

Jumanne walikutana dukani, kwenye mashine ya kahawa.

"Gari lako linapumua vizuri siku hizi," Orest alisema. "Nalisikia likipita."

"Bahati tu."

"Bahati haijui kubadilisha oili, Verna."

Alisema akicheka, lakini ni Orest aliyetazama chini kwanza, akikoroga kahawa ambayo hakuitia sukari. Verna aliona wazi kwamba amemuumiza.

"Na wewe, kazi vipi?" akamuuliza, ilimradi aseme kitu.

"Ipo ipo," Orest akajibu, akafunika kikombe chake na kuondoka bila kuaga vizuri.

Verna alirudi nyumbani akijiona mwizi. Usingizi ulikuja kwa shida.

Alhamisi ilikuwa zamu ya kubadilisha oili kabla ya theluji kuanza. Alilipeleka gari Tarrow kama mtu anayekwenda kufanya kosa alilokwisha kulijutia. Karani wa wakala alipokea funguo bila kuinua macho.

"Leo tumejaa, mama, mafundi hawatoshi. Lakini usijali, jioni utalikuta tayari."

Njiani kurudi, ndani ya lile jekundu linalokoroma, akakata shauri. Hii ndiyo mara ya mwisho. Atamwambia Orest yote, kwa kinywa chake, leo hii. Afadhali atukanwe kuliko kuchekewa vile. Alipofika nyumbani akaoka pai ya saskatuni, beri za porini za huko, ile aliyokuwa akiipenda Orest, kwa sababu maneno peke yake aliyaona mepesi.

Safari hii hakulificha gari. Alilileta likikoroma hadi mbele ya gereji, akazima, akashuka na pai yake. Alitega sikio, akingoja kuitwa jina kutoka ndani. Hakuitwa.

Lango kubwa lilikuwa limefungwa. Akausukuma mlango mdogo kwa kiwiko. Orest alikuwa amempa mgongo, ameinama chini ya gari lililoinuliwa nusu, taa ikimmulika mikono yenye grisi. Verna akavuta pumzi ili aanze.

"Nimelisikia jekundu lenu likikoroma. Umewahi leo, bwana," Orest akasema bila kugeuka. "Mwambie karani wenu wa Tarrow nimebakiza mlango wa nyuma tu. Mwenyewe halalamiki, lakini ukilia unamkera. Na kama siku zote, mama wa watu asijue ni mimi."

Verna akainua macho. Kwenye kona ya kioo cha mbele palikuwa na kidoa cha gundi.