Alama ya Kutoa

"Alama ya kutoa haipo tena," alisema Mama Pacha, kidole kikiwa kimegota ubaoni.

Baba Pacha hakuinuka kitini. Alivua miwani, akafikicha macho, akashusha pumzi ndefu. Wiki iliyopita hesabu ilikuwa imekubali. Wiki ya kabla yake pia. Kila Alhamisi waliiacha ubaoni ikiwa nzima, na kila waliporudi waliikuta na pengo. Kwa kuwa hawakuweza kuapa kama alama hiyo haikuandikwa kwa makusudi au kwa kughafilika, ilibidi waanze upya.

"Tumezeeka," alisema.

"Wewe umezeeka. Mimi nimechoka tu."

Wahadhiri hawa wawili walikuwa wameachana tangu mapacha wao walipopata kazi na kuhama nyumbani. Waligawana vyombo, vitabu, hata marafiki. Kilichoshindikana kugawanywa ni makala waliyoianza wakiwa bado chini ya paa moja. Ilihusu aljebra za homotopia zenye kigeuzo, zile ambazo ukipanga vitu vyake kinyumenyume, kisha ukavigeuza tena, vinarudi vilivyokuwa. Walitaka kujua kama aljebra ya namna hiyo inaweza kupindwa kidogo kidogo bila kuvunjika na bila kuharibu kigeuzo chake. Kohomolojia, hesabu inayopima kama kuna kizuizi njiani, ndiyo ingewajibu. Kizuizi kikiwa sifuri, njia nyeupe.

Mama Pacha ndiye aliyeweka sharti kwamba wasinakili chochote mpaka hesabu ilale ubaoni wiki nzima, waitazame tena kwa macho mapya. Lakini leo alikuja na neno jingine.

"Kile chuo kilichonipa kazi kimeniandikia. Hawawezi kunisubiri zaidi. Leo tukimaliza, tunanakili leo leo."

"Sawa," alisema Baba Pacha. Chuo chenyewe kilikuwa mbali, safari ya ndege mbili.

Wakakunja mikono ya nguo, wakaingia kazini.

"Ukigeuza vitatu?"

"Alama inabadilika."

"Vinne?"

"Haibadiliki. Baba Pacha, hayo tumeshayasema mpaka ubao umeyashika kwa moyo."

Mama Pacha alicheka peke yake, kicheko kifupi, akakohoa vumbi la chaki. Jua lilikuwa limeshaanza kuingia kwa dirisha la upande wa pili walipofika chini ya ubao. Kizuizi kikatoka sifuri. Hakuna aliyeshangilia.

"Basi," alisema mmoja.

"Basi," akaitikia mwingine.

Mama Pacha aliketi, akavua viatu, akanyoosha vidole vya miguu. "Nenda katuletee chai. Halafu tunakili, kila mtu ashike hamsini zake."

Baba Pacha akajikongoja hadi kantini, magoti yakimlalamikia kila ngazi. Aliporudi na vikombe viwili, alimkuta Mama Pacha amesimama mlangoni, akijipangusa dole gumba kwenye nguo.

"Nakwenda kunawa. Nimekuwa mweupe kama mwashi."

Baba Pacha aliweka vikombe mezani. Alisikiliza nyayo za Mama Pacha zikififia ukumbini. Kisha akausogelea ubao, akanyanyua dole gumba, akaifuta alama ya kutoa iliyokuwa kwenye mstari wa kwanza. Aliifuta taratibu, kama alivyoifuta kila Alhamisi Mama Pacha akishaondoka. Akajipangusa kidole kwenye suruali na kwenda kusimama dirishani.

Mama Pacha alirudi mikono ikichuruzika maji. Alichukua kikombe chake, akasimama mbele ya ubao, akautazama mpaka chai ikaacha kufuka.

"Ngoja kwanza, Baba Pacha," alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kweli kweli. "Hatuwezi kunakili. Kuna alama haipo."

"Wapi tena?" aliuliza Baba Pacha, akijiandaa kushangaa.

Kidole cha Mama Pacha kiliupita mstari wa kwanza bila kusita, kikashuka, kikashuka tena, kikaenda kutua kwenye mstari wa mwisho kabisa, ambao Baba Pacha hakuwa ameugusa.