Mtani Aliyelala Shimoni

Stefano alizikwa asubuhi, na kabla jua halijafika utosini alionekana akipanda mlima kwenda mgodini, akichechemea kama kawaida yake, kofia ngumu kichwani. Nyuma yake walifuata waombolezaji, wakicheka mpaka machozi.

Alikuwa Beda, bila shaka, muuza vitunguu wa Mikumi. Beda alikuwa Mhehe. Stefano alikuwa Mngoni, mjukuu wa manamba aliyekuja kukata mkonge Rudewa. Mngoni akifa, mtani wake Mhehe halii. Kazi yake ni kuvaa nguo za marehemu, kutembea kama yeye, kumsema mbele ya watu, na kuzuia shughuli mpaka apewe anachotaka. Asubuhi ile Beda alijilaza ndani ya kaburi, akaapa hatoki mpaka mjane acheke. Raheli, ambaye tangu msiba hakuwa amefungua kinywa hata kwa uji, akacheka. Watu walimshukuru Mungu kwa ajili ya Wahehe.

Mgodini kulikuwa kimya. Dari ya shimo ilipomwangukia Stefano, kaka yake Donati, msemaji wa wachimbaji, alisubiri mwili utolewe, kisha akapita akizima kila kitu kwa mkono wake: mashine ya kutobolea miamba, mashine ya upepo ya kushushia hewa shimoni, taa, hata redio ya mlinzi.

"Mwacheni akae na kimya chake," alisema, na watu wakampigia makofi.

Hawakuwa na madai mengi. Walitaka magogo ya kushikilia dari. Bila magogo, hakuna anayeshuka. Donati alikuwa ameapa hivyo mbele ya maiti ya mdogo wake, na kiapo kile kilikuwa kinamnyima usingizi, maana wenzake walikuwa na watoto na njaa haina msemaji.

Bwana Evance, mwenye mgodi, alikataa. Alimkatalia hata afisa kazi aliyetoka Kilosa: mlima ule ni mwamba mtupu, magogo ni woga wa watu wavivu. Alikuwa amepata leseni serikali ilipowafungulia milango watu binafsi, lakini yeye mwenyewe alikulia ng'ambo, ambako misiba huendeshwa na watu wenye suti wanaotazama saa. Alipoona marehemu anamjia akichechemea, alirudi nyuma hatua kadhaa.

"Shikamoo, tajiri," alisema Beda, aliyemzidi umri kwa mbali.

"Marahaba," aliitikia Bwana Evance.

Watu waliangua kicheko hadi kunguru wakaruka.

"Hawa Wangoni hawana akili," Beda aliendelea. "Wamezika mwili, mwenyewe wamemwacha humu ndani. Nakwenda kulala naye. Sitoki mpaka magogo yaje!"

Akashika ngazi, akashuka mpaka chini kabisa, pale dari ilipoangukia.

Mwanzoni sauti yake ilipanda vizuri. "Wangoni! Babu zenu walitoka kusini mbio, hata kuaga hawakuaga!" Wakamjibu kwa matusi ya utani, naye akawarudishia. Kisha akaanza kuongea taratibu, kwa kuvuta maneno.

"Jamani... nasikia usingizi."

Raheli alijishika mbavu. "Ndiye! Ndiye mwenyewe!" Stefano alijulikana kwa usingizi, aliwahi kulala amesimama, nyundo mkononi. Shimo likaanza kukoroma. Watu walianguka chini kwa kucheka, wakasahau njaa na jua. Halafu mkoromo nao ukaisha.

Bwana Evance alivua miwani yake ya jua. "Mbona kanyamaza?"

"Amelala," alijibu mtu, na kicheko kikaanza upya.

"Wewe! Bwana!" Bwana Evance aliita shimoni. Hakujibiwa. "Mtoeni huyo mtu."

Donati alisikia furaha kwa mara ya kwanza tangu mdogo wake afe. Kumbe tajiri huyu hajui utani! Akawakonyeza wenzake, wakakaza nyuso.

"Hatoki bila magogo," alisema.

"Anaweza kufa humo!"

"Kumbe unajua kuwa shimo lako linaua."

Bwana Evance aligeuka akimtafuta dereva wa lori. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Akamwita, akamwamuru aende Mikumi sasa hivi alete magogo ya mkaratusi, lori lijae.

"Na mashimo mengine?" aliuliza Donati, kwa utulivu kabisa.

"Yote!"

"Mbele ya watu hawa?"

"Mbele ya Mungu! Mtoeni, nawaomba!"

Lori likateremka likitimua vumbi. Vigelegele vikapigwa, wanaume wakambeba Donati juu juu wakazunguka naye mlima ule, na yeye akalia wazi bila kujificha, akiliita jina la mdogo wake. Walipomshusha, alikwenda kwenye mdomo wa shimo akifuta uso.

"Mtani, amka! Tumeshinda. Toka sasa."

Kimya.

"Huyu Mhehe anataka na jogoo," alisema mmoja. Wakacheka, lakini wachache.

"Beda! Mchezo umekwisha, bwana. Toka tule."

Kimya. Donati alivuta pumzi, akaweka mguu kwenye ngazi. Hapo mkono ukamshika shati kwa nyuma, ukalivuta kwa nguvu mpaka likachanika. Alikuwa Raheli, na hakuwa anacheka tena.

"Shemeji, usishuke," alisema. "Washa kwanza mashine ya upepo."