Nafasi Moja ya Kwenda India

Wazee sita wa Kihindi katika safu ya mbele walikuwa wakitikisa vichwa, kushoto na kulia, na Mwalimu Semboja akaanza kumhurumia mpigaji.

Mpigaji huyo, Pandit Keshavrao, alikuwa ametoka India mpaka Korogwe na sitar yake, gitaa la Kihindi, na sasa watu wake mwenyewe walikuwa wanamkataa hadharani. Mmoja alipiga ulimi: "Nch, nch, nch." Mwingine alifuta machozi. Semboja aliamua kwamba ni aibu.

Yeye hakuja kustarehe alasiri ile. Barua ya Wizara, ya mwaka huohuo wa 1970, ilikuwa wazi: nafasi moja ya masomo ya muziki, miaka miwili India, na mteuzi ni Pandit mwenyewe, baada ya kuwatazama waombaji wakisikiliza. Waombaji walikuwa wawili. Semboja alikuwa na cheti cha ualimu. Alikuwa amefundisha muziki wa India muhula mzima bila kuusikia hata mara moja, na darasa zima lilifaulu. Mwenzake alikuwa Agripina, binti wa wakata mkonge na kiongozi wa kwaya, aliyefika asubuhi kwa basi kutoka Mkata akiwa na shavu lililovimba.

Semboja aliamini vitu vinavyohesabika. Nyaya za sitar: kumi na nane. Dakika zilizopita huku mpiga ngoma wake amekaa tu, mikono mapajani: thelathini na tano. Kwa hiyo mtu huyu alikuwa anautafuta wimbo na hajaupata. Mgeni mwenye adabu angemtia moyo. Semboja alifumba macho, kama alivyodhani wataalamu hufanya, akaanza kuitikia kwa kichwa, taratibu, chini na juu. Ndiyo, Pandit. Endelea.

Pembeni yake Agripina alikuwa anaharibu kila kitu. Kila waya mwembamba ulipovutwa ukalia, jino lilimjibu. Alishika shavu, akatikisa kichwa kwa nguvu. "Nch! Aaah!"

"Dada Agripina, jikaze," Semboja alinong'ona. "Atadhani unamdharau."

"Mwalimu, hili jino mzizi wake uko Handeni."

"Basi toka nje upumzike."

"Nikitoka, nafasi unachukua wewe."

"Hata ukikaa hivyo naichukua mimi."

"Haya, niache niugue nikiwa nimekaa."

Semboja alimwonea huruma, huruma ya mtu aliyekwisha kuchagua koti la safari. Akafumba macho tena na kuzidisha heshima: kichwa chini kabisa mpaka kidevu kiguse tai, kisha juu. Alifanya hivyo kwa saa nzima na robo, mpaka shingo ikamuuma. Mara moja tu alijiuliza kama alikuwa anazidisha. Akajijibu kwamba hapana.

Muziki ulipokoma, Pandit alizungumza kwa sauti ya chini na Bwana Jivraj, muuza vitambaa na mwenyekiti wa ukumbi, mzaliwa wa Korogwe. Jivraj akawaita waombaji mbele.

"Pandit anashukuru," alisema. "Anasema leo amepigia wasikilizaji saba. Sita ni hawa wazee wangu."

Semboja alinyoosha tai.

"Wa saba ni wewe, binti. Anasema tangu atoke nyumbani hajaona mgeni anayejua kusifu kwa kutikisa kichwa, tena mahali penyewe hasa, hata na ulimi akapiga! Jiandae kwa safari."

Agripina alifungua mdomo, jino likamkataza, akaufunga.

"Na mimi, mzee?" Semboja aliuliza.

Jivraj alimshika bega.

"Usijali, Ndugu Mwalimu, hana kinyongo nawe. Anasema hata kwao India wapo wanaosinzia mwanzo mpaka mwisho."