Maji ya Fedha

Mama mwenzangu, ukiuziwa maji ya fedha, mwambie muuzaji avue glavu kwanza.

Mimi nilikuwa nachukua chupa ya nne mnadani Runzewe, maana Limi wangu kikohozi kilikuwa kimepungua.

“Isije ikawa zebaki ya wachimbaji,” nilimtania muuzaji.

“Zebaki ni sumu, Mama Limi. Hii ni fedha tupu. Wazee walitumbukiza rupia, zile sarafu za fedha, kwenye maziwa yasiharibike.”

“Wewe mwenyewe unakunywa?”

“Miaka yote! Shika mkono uone nguvu.” Akavua glavu.

Mkono ulikuwa wa moto, lakini rangi yake ya maiti: kijivu, na kucha za buluu.

Limi, niliyekuja naye, akaweka kidole chake kando ya cha muuzaji, ukucha kwa ukucha.

“Mama,” akacheka, “tumefanana.”