Umerara Sarama?

Tangu simu zianze kuandika zenyewe, hakuna mama huko Tarime aliyekosa salamu za mwanawe. Mtu akiwa kazini au usingizini, simu yake humsemea, tena kwa Kiswahili kilichonyooka kama rula.

Kila asubuhi Wankuru alisoma ujumbe wa mwanawe Muniko, aliyekuwa akifanya kazi mbali: "Shikamoo mama. Umelala salama? Magoti yanaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu," aliitikia, kisha akaguna. Tangu azaliwe, Muniko hakuwahi kuiweza herufi L. Hata ile barua yake ya karatasi kutoka jeshini, ambayo Wankuru aliitunza ndani ya Biblia, ilisema: "Mama, usihofu. Nakura vizuri na narara mapema."

Jumanne moja ujumbe ukaingia: "Shikamoo mama. Umerara sarama? Nimekukumbuka."

Wankuru alipiga kigelegele kilichomtoa jirani yake, Ghati, jikoni mbio, mwiko mkononi.

"Ameandika mwenyewe!" alisema. "Mwanangu mwenyewe! Hebu soma hapa: umerara!"

Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Ghati aliporudi kwenye ugali wake, Wankuru aliikumbatia simu kifuani kama kitoto kichanga.

Ikatetemeka. Akaitazama upesi, akidhani Muniko ameongeza neno.

"Tumeona umefurahi," simu ilikuwa imeandika. "Tuendelee kukosea hivi?"

Wankuru alisikia mwiko wa Ghati ukigonga sufuria. Kisha, taratibu, akabonyeza Ndiyo.