Nyegere Apigania Kazi ya Ukocha

Hapo wanyama walipopenda kendo, mchezo wa Kijapani wa kupigana kwa panga za mianzi, ilitangazwa kazi moja ya ukocha: atakayetangulia kupata pointi ndiye atakayeajiriwa. Nyegere, mwenye digrii ya mchezo huo na asiye na kazi, akapangiwa kupambana na Tumbili, mpwa wa mwamuzi mkuu, Korongo.

Nyegere akamtandika Tumbili utosini, pwaa!

"Hukupaza sauti," akasema Korongo.

Akapiga tena, akipaza sauti.

"Umepaza mno."

"Sasa mzee, ninong'one?"

Tumbili akamparaza Nyegere mbavuni tu, bendera zote tatu za waamuzi zikapanda kumpa pointi. Kwa furaha akapiga sarakasi.

"Anayeshangilia hunyang'anywa pointi!" watazamaji wakazomea. "Au sheria ni ya wasio na wajomba?"

Kwa aibu, Korongo akaifuta pointi hiyo. Nyegere akapiga utosi mara ya tatu, bendera zikapanda kwa shingo upande. Korongo akamchungulia ndani ya kofia ya kinga, akitafuta japo tabasamu moja la kumfutia pointi.

Hakuliona. Miaka sita ya kuomba kazi na kuambiwa "we'll call you" ilimfundisha Nyegere kupokea kila jibu kwa uso uleule. Akainama kwa adabu.

"Naanza lini?"