Kucha ya Mama

"Weka sahihi hapa, mama," karani wa benki alisema. "Binti yako hajafika miaka kumi na minane, kwa hiyo akaunti itakuwa yenu wote wawili. Kadi haina makato, na kila mmoja wenu anaweza kutoa hela."

Kule ninakokaanga kuku walinitaka nichague mshahara upitie wapi: benki, au kadi yao ya kazini, ambayo wao wenyewe huijaza hela. Nilitaka benki, kama watu wazima.

Mama alishika kalamu. Ndipo nikaiona kucha ya kidole gumba chake. Chini yake palikuwa na vumbi la rangi ya fedha, lile linalobaki mtu akikwangua tiketi za bahati nasibu. Alikuwa ameniapia kwamba ameacha kucheza.

Mama aliona ninapotazama. Akaficha kidole ndani ya ngumi, akaweka kalamu mezani.

"Raelynn, chukua ile kadi ya kazini. Ile ni yako peke yako."

"Lakini zile kadi wanakata kila ukitoa, mama!" karani alisema.

"Wakate tu, dada," mama alisema, akiinuka. "Wao watamwachia kitu."